Benzi ya Marehemu Mkwe na Kona za Amani

Shikamoo Shangazi Benedikta, naomba msaada, ila kwanza niruhusu nitangaze rasmi, kwa wakazi wote wa Tanga na vitongoji vyake, kwamba kuanzia Jumatatu kiti cha nyuma cha Benzi, ngozi nyekundu tupu, ndicho kochi la sebuleni kwangu. Benzi hiyo ni ya mwaka sabini na tatu, ya marehemu baba mkwe wangu, maharusi wa ukoo mzima walibebwa humo, na tangu mzee afariki haijatoka uani, sasa mume wangu Himyar kaamua iwe gari la mashindano, kang'oa zulia, redio, mbao za dashibodi na vitasa, mlango wangu unafunguliwa kwa kamba ya katani, na fundi Methusela anakuja kutoka Pongwe, anaburuta mashine yake kwenye uchochoro wa futi nne, njia pekee ya uani tuliyobakiza tulipojenga maduka mbele mwaka juzi, anachomelea ndani mabomba ya kutulinda tukipinduka, na mabomba hayo, Shangazi, nayajua, ndiyo yaliyoshikilia tangi letu la maji mpaka siku lilipoanguka.

Umesikia nimesema "tukipinduka". Kumbe dereva wa mashindano hukaa na mtu wa kumsomea kona, na Himyar kanichagua mimi, eti sauti ninayofundishia madrasa inashinda injini. Kila alasiri tunakaa kwenye gari limezimwa, nasoma "kulia kali, kushoto korongo," yeye anazungusha usukani, na mimi napiga shahada kimoyomoyo na hata hatujasogea. Juzi akanishtukia.

"Rawan, soma!"

"Nasoma."

"Umefumba macho!"

"Nimehifadhi."

Zimebaki wiki tatu tupande milima ya Amani kwenye mashindano, barabara ya vumbi, korongo lake nimelichungulia mara moja tu likanitosha. Silali, sili, nimeshaandika kwenye karatasi nani atawalea wanangu. Kumwambia naogopa siwezi, maana aliwatangazia wenzake barazani, "Mke wangu haogopi kitu," nami nikapita na sinia la kahawa nikacheka.

Rawan, Tanga

Marahaba, Rawan. Pole sana. Asiyeyaogopa mabomba yaliyoshindwa na tangi la maji ndiye wa kupelekwa hospitali, si wewe. Lakini na wewe, ulicheka nini na sinia mkononi? Mumeo aliona meno, angejuaje? Unagawa watoto kwenye karatasi na baba yao hujamwambia neno!

Mwambie leo, humohumo garini, kabla hajashika usukani: "Himyar, naogopa, siendi." Usimtaje fundi wala marehemu, utazua ugomvi mwingine na la kwako lipotee. Akinuna, anune ukiwa hai. Wenzake wa barazani si wapo? Amchague mmoja amsomee. Na mwambie hata ukishasoma haya ya mwisho, kwa sababu mwanamume huyo atatafuta gari jingine.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikamuuliza fundi jirani yangu. Benzi ya aina hiyo ina upana wa karibu futi sita. Uchochoro wenu una futi nne.