Plasta Nyeupe Kwenye Kompyuta ya Baba

Kwako dada yangu,

Pokea salamu zangu, na kama bado una tabia ya kusoma barua ukiwa umesimama, tafadhali vuta kiti. Natumaini mgongo umepoa, kazi ya mabomba inakwenda na shemeji hajambo. Sisi huku tu wazima wa mwili. Presha ya Baba imetulia, na kila asubuhi bado anagombana na redio. Najua hujapata neno kutoka nyumba hii kwa miaka saba, tangu Baba aliponikabidhi mimi sanduku lake la vifaa mbele ya mafundi wenzake, wewe uliyeshika spana tangu utotoni ukiwa umesimama pale pale, akatangaza kwamba bomba si kazi ya mwanamke. Anwani yako nimeipata kwa rafiki yako mshonaji, naye alinipa shingo upande.

Nianze na habari zangu. Bado natengeneza kompyuta, ndiyo kazi inayonilisha. Miezi miwili iliyopita nikaingiwa na wazo la kukusanya watu siku moja, kila mtu na kompyuta yake, tuziwekee zote mfumo huria. Mfumo ndio unaoiendesha mashine tangu unapoiwasha. Huu wa huria umetengenezwa na watu wa kila pembe ya dunia, hutolewa bure, na unazifaa sana zile kompyuta kuukuu ambazo ukiziwasha unaweza kwenda kuoga ukarudi ukazikuta bado zinafikiri. Nilidhani nafanya jambo la maana. Kumbe najiitia kundi la mbumbumbu.

Tuliunda kikundi, na kikundi hakikosi mwenyekiti. Tukampata mmoja ambaye ni mwenyekiti wa kila kitu; nadhani hata kwenye foleni ya benki huwa anafungua kikao. Tulikaa mara nne. Kikao cha kwanza kilijadili rangi ya bango, cha pili kikabatilisha rangi ya cha kwanza. Mwenyewe hajui kuzima kompyuta ila kwa kuchomoa waya ukutani, lakini aliandaa hotuba ya kurasa sita juu ya uhuru wa teknolojia, na siku ilipofika aliisoma yote, betri za watu zikiisha taratibu.

Alikuwepo pia mwanamama mmoja tunayemwita Mama Taipu, aliyefundisha kupiga chapa maisha yake yote. Mkavu kama karatasi, miwani yake ina kamba, na ukimwonyesha barua anahesabu nafasi kati ya maneno. Yeye ndiye aliyeleta sharti la plasta. Kuweka mfumo mpya hufuta kila kitu kilichomo ndani ya mashine, kwa hiyo alitaka kila mwenye kompyuta akae naye kwanza, waangalie pamoja kilichomo, wakinakili kwenye flashi, ndipo yeye abandike kipande cha plasta nyeupe kwenye mfuniko. Isiyo na plasta isiguswe. Nilimcheka waziwazi. Nilimuuliza mbele ya watu kama tunakwenda kuweka mfumo au kufanya upasuaji. Akajibu kwa adabu kwamba kidonda hushonwa, lakini kilichofutwa hakishoneki. Wakampigia kura, sharti likapita, nami nikanuna siku mbili.

Siku yenyewe tulikuwa ukumbi wa maktaba, meza ndefu zimeunganishwa, nyaya zimetapakaa hadi mlangoni. Laiti ungeona! Fundi wa kuchomelea mageti alikuja amebeba kioo peke yake, mashine kaiacha nyumbani, na tulipomwambia kwamba kioo hakina kitu ndani akatuona wajinga, kwa maana picha zake zote yeye huziona humo. Mfamasia aliniuliza kama virusi vya kompyuta vinaweza kumpata mtu mwenye kidonda mkononi. Mfamasia, dada! Mtu anayetuuzia dawa! Mwenyekiti alikuwa na nakala kumi na moja za hotuba yake, akaomba zinakiliwe zote kumi na moja. Na Mama Taipu alimsikiliza kila mmoja wao bila haraka, foleni yake ikawa haisogei, huku mimi nimekaa na mikono mitupu nikisubiri plasta.

Ndipo akaingia Baba. Kompyuta yake, ile niliyompa mimi baada ya mteja kuitupa, alikuwa ameibeba kwenye mfuko wa saruji uliofuliwa. Mimi siku zote nilimwona akicheza karata humo. Aliitazama foleni ya Mama Taipu, akanijia mimi, akainama na kuniuliza kwa sauti ya chini kama vitu vyake vitabaki. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima: vitu gani, mzee, karata? Watu wakaangua kicheko. Baba naye akacheka kidogo, akatazama viatu vyake, akasema, basi, wewe ndiye mtaalamu.

Saa mbili baadaye mashine yake ilikuwa inawaka upesi kama mpya. Aliishika kwa mikono miwili, akaanza kubonyeza huku na huku, akasema halioni kabati lake. Alikuwa anamaanisha folda. Nikamwonyesha karata zipo, tena nzuri zaidi. Akafunga mfuniko, akairudisha mfukoni, akaondoka bila kuniaga.

Habari zikamfikia Mwenyekiti kwamba kuna mzee kapoteza vitu vyake, akaunda kamati ya uchunguzi kwa furaha isiyofichika. Kamati ikaifuata mashine nyumbani, ikaona plasta ipo kwenye mfuniko. Plasta alikuwa anabandika Mama Taipu. Basi, wakasema ni uzee, kabandika bila kuangalia. Wakamvua jukumu lile. Hakujitetea hata kwa neno moja. Aliweka kibunda cha plasta na mkasi wake mezani, akanitazama mara moja, akatoka. Mimi nilikuwa katibu wa kikao. Niliandika muhtasari na nikatia saini.

Dada, plasta ile niliibandika mimi. Nilichoka kusubiri. Mama Taipu alipoinamia kompyuta ya mfamasia, nilinyoosha mkono nikachukua kibunda, nikakata kipande, nikakirudisha kibunda mahali pake. Sikuangalia kilichomo. Nilikuwa na hakika kwamba mzee kama yule hawezi kuwa na kitu cha maana.

Nimehangaika siku tisa kuvirudisha. Mfumo mpya ulikwisha kujiandika juu ya vya zamani, hakuna nilichoambulia. Siku ya kumi nikaenda kwa Mama Taipu kukiri. Akaniambia alijua tangu mwanzo, kwani yeye hukata plasta kwa mkasi, na ile ya Baba ilikuwa imekatwa kwa meno. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza. Akasema angejitetea, kamati ingemuuliza kilichokuwa ndani, na Baba alimwomba asimwambie mtu.

Ila mimi niliyevifuta hakunificha: zilikuwa barua. Kwa miaka miwili Baba amekuwa akienda kwake kila Jumanne kujifunza kupiga chapa, kwa vile vidole viwili vya fundi bomba. Barua arobaini na moja, na zote zako. Hakutuma hata moja. Kila akimaliza alisema bado haijakaa sawa, akaanza nyingine. Alikuja ukumbini kwa sababu mashine ilikuwa inazimika kabla hajafika mwisho. Nami nikamuuliza kama ni karata.

Nimemwambia Baba ukweli juzi. Aliitoa kompyuta kwenye mfuko wa saruji, akaifungua. Kisha akaniuliza kama kwenye mfumo huu mpya herufi kubwa zinaandikwa vilevile. Nikamwambia vilevile. Akavuta kiti.

Jumamosi nitasimama mbele ya kikundi nimsafishe Mama Taipu. Mwenyekiti ameniweka ajenda namba saba, baada ya bango. Niliwaita mbumbumbu, lakini katika ukumbi ule ni mtu mmoja tu aliyefuta asichokijua, na hakuwa yule wa kioo.

Ndani ya bahasha hii utakuta ukurasa mmoja. Ni wa barua ya kwanza kabisa. Mama Taipu aliuchapa ili amsahihishie, ndiyo maana una wino mwekundu. Baba anajua nakutumia. Nilisoma mstari wa juu tu, unaosema: Mwanangu, sanduku lilikuwa lako. Hapo nikaukunja.

Sanduku lenyewe sijawahi kulitumia. Miaka yote hii nimeegeshea feni juu yake. Jana nimelipangusa, nikatia mafuta bawaba, na spana zako zote zimo. Nimeliweka karibu na mlango.

Msalimie sana shemeji. Baba hajaniagiza salamu. Anasema zake anaziandika mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
mtaalamu