Kitanda cha Mama na Boriti Iliyooza

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele.
Jumapili, tarehe 14 Juni, baada ya ibada.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu tele kutoka kwa dada yako. U hali gani huko uliko? Mgongo umeacha kukusumbua, au bado unainuka kitini kwa awamu? Wifi yangu na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Mimi ni magoti tu yanayonikumbusha umri, hasa wakati wa kusali.

Sasa kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Ni habari njema, lakini kaa tu.

Unalikumbuka lile bati la jikoni lililokuwa linavuja. Jumanne nilimleta fundi wa paa, yule tunayemwita Kimya kwa sababu hajui kunyamaza. Alipanda ngazi anaongea, akang'oa misumari anaongea, akaweka bati jipya bado anaongea. Alipokuwa anashuka, Mama akatoka na mkongojo wake akasimama chini ya ngazi.

"Mwanangu, bado hujamaliza. Nenda na kule juu ya kitanda changu. Kunanuka."

Habari za harufu hiyo unazijua. Miaka miwili Mama anasema dari yake inanuka kama kisima cha zamani, nasi tunaitazama, tunaiona kavu na nyeupe, tunakonyezana. Kila baada ya wiki chache anakisogeza kitanda shubiri moja kuelekea mlangoni, mimi nakirudisha. Wewe mwenyewe ulipokuja ulipigilia vibao sakafuni ili miguu ya kitanda isitoke. Hapo ndipo tulipoanza kuandikiana kwamba akili za Mama zinamtoka, na ndipo ulipopanga kuja mwisho wa mwezi huu kumhamishia kwako.

Nakiri mbele za Mungu, nilimkonyeza Kimya. Nilimaanisha amridhishe mzee tu, apande na kushuka.

Akapanda, akafunua bati, akachomeka bisibisi kwenye boriti. Ikazama mpaka kwenye mpini. Mdogo wangu, Kimya akanyamaza! Niliogopa kuliko kama angepiga yowe.

"Vipi huko juu?" nikamwuliza.

"Dada, hii si mbao tena. Huu ni mkate uliolowa chai."

Kumbe maji yalikuwa yanapenya pale Baba alipounganisha chumba cha Mama na nyumba ya zamani. Hayakudondoka hata tone. Yalitambaa juu ya boriti, nayo ikayanywa taratibu, miaka nenda rudi. Na dari ilionekana safi kwa sababu marehemu, unavyomjua kwa rangi ya mafuta, aliipaka mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka. Unyevu haukupata pa kujionyesha.

Kimya akatoboa tundu dogo darini, akashusha uzi aliofunga msumari mwishoni, tuone boriti ingeangukia wapi. Msumari ukatua katikati ya vibao vyako, upande wa mto. Pale pale nilipokuwa nakirudisha kitanda, siku zote hizo. Kitanda chenyewe kilikuwa karibu na mlango, maana Mama alishakipitisha juu ya vibao, sijui kwa nguvu zipi.

"Bibi, nani alikuambia?" Kimya akauliza.

"Pua. Hawa wanangu wenye macho walikuwa wanaangalia rangi."

Nikapiga magoti nikamwomba msamaha, machozi yananitoka. Akaniambia, "Hebu inuka, magoti yenyewe mabovu." Halafu akanishika mkono, akasema neno ambalo bado linanichoma: kwamba hata yeye alikuwa ameanza kutuamini. Akiamka asubuhi anajitajia majina ya wajukuu wote, mmoja mmoja, kuona kama bado yupo. Tulimfanyia nini mama yetu?

Lakini usihuzunike, maana tangu siku hiyo nyumba hii ni vicheko. Boriti mpya na kenchi mbili za kubeba paa vimewekwa, na Mama alikaa uani siku mbili akimsimamia Kimya kama mkandarasi. Akiambiwa aingie ndani apumzike, anajibu kwamba yeye ndiye mwenye pua. Kipande cha ile mbao mbovu amekifunga kwenye gazeti. Anasema ni zawadi yako, ukija kusalimia ukinuse mwenyewe.

Nimeandika kusalimia, si kumchukua. Naona na wewe umeshalifikia hilo.

Ijumaa asubuhi nilimpelekea chai. Nikakuta kitanda kiko mahali pake pa zamani, katikati ya vibao vyako. Amekirudisha mwenyewe, na alikuwa bado amelala usingizi mzito, mdomo wazi. Nikasimama nikamshukuru Mungu kimyakimya nisimwamshe.

Nisalimie wifi yangu, mabusu kwa mwanao Kidevu na kwa wale mapacha wasiotulia. Shemeji yako anakusalimu, na Kimya pia, kwa maneno mengi ambayo karatasi hii haiyatoshi. Mwenyezi Mungu ailinde nyumba yenu, juu na chini.

Tafadhali nijibu upesi. Ila safari hii usiniandikie mimi habari za Mama. Mwandikie Mama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nilipokubeba mgongoni.