Jirani Mwenye Mchwa

6 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi inanipeleka mbio lakini mwili haujambo. Goti lako je, linakuruhusu kulala?

Juzi tumeitwa kupiga dawa nyumba ya mama mmoja mtu mzima, ungekuwepo ungecheka. Mchwa wamepanda kutoka msingi hadi dari, na yeye kila akiona njia ya udongo ukutani anachukua chokaa anapaka juu. Anawapamba, mama! Nikachoma fremu ya mlango kwa bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Nikamuuliza, "Kweli mama, ulikuwa huoni?" Akaangalia chini. Tulicheka garini mpaka dereva akasimama pembeni. Mchwa ni wageni wa mtu mzembe, na nashukuru Mungu mama yangu si wa hivyo.

Sasa kaa kitako. Nimepata mchumba. Ni fundi wa mapazia, ana maneno kunishinda, mtaelewana. Mwezi ujao nataka nimlete akusalimie. Yeye atalala na wewe, mimi chumbani kwangu kwa zamani.

Mwanao,
Fundi

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, goti ndilo hilo, linanikumbusha umri kila asubuhi. Habari ya mchumba imenifanya niimbe jikoni peke yangu. Mpe salamu, mwambie nampenda kabla sijamwona.

Ila mwezi ujao msije. Mvua zinakuja, njia itakuwa matope matupu, na mgeni wa mara ya kwanza hapokewi kwenye matope.

Halafu nina swali, si langu. Kuna jirani ana kishida cha mchwa. Ni kidogo tu, chumba kimoja. Unajua hapa wananiita Mama Fundi, mwenye sisimizi na mwenye mende wote huja kwangu. Afanye nini?

Mama yako

4 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu. Huyo jirani anakaa ubavuni mwa Mama Fundi na bado analiwa? Mwambie na fundi amemshangaa.

Mwambie aanze na bomba. Nakuhakikishia lipo linalovuja mahali, mchwa hawakai pakavu. Kisha aondoe kila kitu kilichoegemea ukuta: kuni, mbao, magazeti, hasa maboksi. Boksi lililokaa sakafuni kwenye unyevu kwa mchwa ni karamu. Udongo wa nje usipande juu ya msingi ukagusa mbao. Akiona njia ya udongo, aibomoe kipande halafu aangalie kesho yake. Ikizibwa, wamo. Hapo aite mtu achimbe mfereji kuzunguka nyumba na kuunywesha dawa. Asipake kitu juu yake! Mficha maradhi kifo humuumbua.

Na agonge kenchi za paa. Zikilia kama ngoma, asilale chini yake.

Matope yakikauka tunakuja.

Mwanao,
Fundi

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba, nami nakuombea afya. Jirani anashukuru. Bomba lilikuwepo kweli, amelifunga. Maboksi ameyatoa, yalikuwa yameshikana na sakafu, chini yote udongo.

Kuhusu safari, tulia kwanza. Huyo binti haendi popote, na haraka haraka haina baraka.

Mama yako

2 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana simu yangu hupokei na barua yangu ya Aprili haina jibu.

Kwanza matope, kisha "tulia". Mchumba wangu alishona pazia la chumba chako, kalikunja, kaliweka kwenye begi. Jana kalitoa. Akaniuliza, "Mama yako hanitaki?" Kama una neno juu yake, mama, liseme. Mimi ni mwanao, lakini na mimi nina moyo.

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mchumba wako hana kosa. Mwombe msamaha kwa niaba yangu, nami nitamwomba mwenyewe Mungu akipenda.

Hakuna jirani. Ni mimi.

Barua yako ya yule mama ilipofika, chokaa ilikuwa bado mbichi kwenye fremu ya mlango wa chumba chako. Nilikuwa nimekaa na kalamu nikuandikie unisaidie. Nikasoma mlivyocheka garini. Uso umeumbwa na haya, mwanangu. Kalamu nikaiweka.

Maboksi yalikuwa yako. Kila ulilonitumia, la blanketi, la pasi, la viatu, nililisimamisha ukutani chumbani kwako, maana ulikuwa umeandika jina langu kwa mkono wako na roho ilikataa kulitupa. Bomba la nje likawa linavuja taratibu, mimi sina habari. Godoro lako limekwisha. Nimegonga kenchi kwa mti wa ufagio, zinalia kama ulivyosema. Nalala jikoni.

Na huku bado wananiita Mama Fundi. Wiki iliyopita mtu kaja kuniuliza kuhusu mchwa, nikamfundisha maneno yako yote, nimeuziba mlango kwa mgongo wangu asichungulie. Simu sikupokea kwa sababu ungenijua kwa sauti.

Nisaidie, lakini njoo jioni, bila magwanda ya kazi, na pampu uifunike. Mganga hajigangi, wataimba mtaa mzima. Mchumba mwache kwanza.

Mama yako

18 Mei

Mama yangu,

Shikamoo, na nisamehe. Barua yako nimeisomea stoo, katikati ya madumu ya dawa, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nakufundisha namna ya kugonga kenchi, wewe umelala chini yake. Na kilichokufunga mdomo ni mimi. Kumbe mkuki ni mtamu kwa nguruwe. Yule mama aliyeangalia chini, kila nikimkumbuka sasa ana uso wako.

Maboksi mangapi nimewaambia watu wayachome, bila kuuliza waliyaweka kwa nini.

Jioni siji. Nakuja Jumamosi ya kwanza ya Juni, mchana kweupe, na magwanda, pampu mgongoni, nipite katikati ya mtaa. Wakiniuliza naenda kupiga dawa kwa nani, nitasema kwetu. Wakicheka wanicheke mimi, nimecheka vya kutosha kwenye nyumba za watu. Mchumba nimemweleza yote. Anasema anajua kushika koleo, mfereji atachimba yeye.

Usirudi chumbani kuchukua kitu, hata kama ni cha thamani.

Mwanao

23 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nimelia kidogo, ila goti nalo lilikuwa linauma, kwa hiyo sijui kilio kilikuwa cha nini.

Leo nimejikaza kisabuni nikaenda kumwambia jirani, jirani wa kweli safari hii, yule ninayemwogopa ulimi. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya kabati lake. Chokaa, mwanangu, imepakwa vizuri kuliko yangu.

Basi njooni wote wawili. Dawa uongeze.

Mkifika, msigonge hodi, mniite tu kwa sauti. Mlango wa mbele sikukutajia. Umebaki rangi tu.

Mama yako