Batri Isiende Tena Matanga

Baraka, Jumapili

Kwako Mama Divine, huko Kalemie,

Ninakutangazia kwa heshima zote: kamati ya chuo kikuu imekaa, imejadili, imepiga muhuri. Batri ya antena ya wifi ni marufuku kwenda matanga.

Cheka tu. Mwaka mzima nimetafuta kwa nini réseau ya intaneti ya chuo inakatika ovyo. Nimebadilisha waya, nimepanda paa, nimewatukana waliotengeneza masini. Kumbe mtaa ukifiwa, sentineli wetu wa geti, baba Ramazani, anaipakia batri kwenye mukokoteni na kwenda kuwashia waombolezaji taa. Nilipomuuliza, alinishangaa: "We Dany, batu balilie maiti mu giza juu ya simu za batoto ba chuo?" Nikamutafutia batri ingine, ya matanga peke yake.

Sasa wanafunzi wananiita docteur réseau. Lakini mi situlii. Natembea uwanjani na simu mkononi, watu wakiniuliza nasema ninapima mawimbi.

Divine ameng'oka jino la mbele. Mama yako naye kila asubuhi ananiuliza: "Mukwe, Nadège aliandika atarudia siku gani?" Miezi yote nilimujibu, "Mama, réseau iko mubaya," na mi mwenyewe niliamini. Leo ameuliza tena. Nikachukua kalamu, nikaanza kukuandikia.

Safari, yule wa boti, atakupa barua hii mkononi. Tangu ile batri ya pili ifike, réseau haijakatika hata mara moja.

Dany