Vipovu Kwenye Kibao cha Mama

Baba yangu mpendwa,

Leo ukungu umeshuka Bura mpaka mlangoni, na ukungu ukishuka hivi nakuona. Umeinama juu ya beseni la asidi katika karakana yetu ya Voi, betri ya lori miguuni, na kipande cha alumini kinaning'inia kwenye waya. Ulikuwa hutaki mtu aongee. Ulisema alumini ikipitishiwa umeme ndani ya asidi inaota ngozi, ngozi nyembamba ya kushika rangi, na kinachoota hakipigiwi kelele.

Mama alipotuacha, miaka ile ya sabini, ulikata kitako cha sufuria yake ili utengeneze kibao cha msalaba wa kaburi lake. Nilikuuliza mbona usichukue bamba jipya, lipo pale ukutani.

"Hilo halimjui mama yako," ukanijibu.

Basi sufuria yenyewe ilikuwa ya kuyeyushwa kutoka pistoni kuukuu, na ndani yake mna shaba. Penye shaba, ulinieleza baadaye, umeme unaacha kujenga ngozi unatengeneza hewa, na hewa ikikosa njia inaivimbisha ngozi kutoka ndani. Kibao kikatoka na vipovu vidogo vidogo, kama uji unaoanza kuchemka. Ukakipiga msasa, ukakirudisha. Vikarudi. Ukalaumu asidi, ukalaumu betri, ukanilaumu mimi eti natikisa waya. Weh, Baba, ulikuwa na maneno siku hiyo! Nami nilikasirika, maana kibao kilikuwa kinazidi kuwa chembamba na jina la Mama halijaandikwa.

"Ukikikwangua tena utammaliza," nikakwambia.

Ukaweka msasa chini. Ukalia, nikalia. Kisha ukakitia rangi ya dhahabu hivyo hivyo kilivyo, tukakipandisha Bura, kaburini kwake.

Sasa ni zamu yako. Nusu ya pili ya kile kitako nilikuwa nayo kabatini, na juzi nimeitundika kwenye waya. Ndugu zako walinishauri nitumie bamba safi, kibao kitoke cha kupendeza. Niliinama juu ya beseni kama wewe, nikiogopa kwamba kitatoka laini.

Vilikuja, Baba. Vipovu vile vile. Nimekusimamishia kibao chako kando ya cha Mama, na nikivipapasa vibao vyote viwili nikiwa nimefumba macho, siwezi kujua kipi ni cha nani.

Msalimie. Mkae vizuri huko.

Ni mimi binti yako, mtikisa waya.