Nguruwe Sitamla, Nitashonewa

Makandana,
Tukuyu.
14 Mei, 1978.

Mpendwa Kaka Jaffari,

Assalaam alaykum. Hujambo? Wifi na watoto nao hawajambo huko Tanga? Joto linawaacheni mlale? Huku mvua haikatiki, hata nguo hazikauki. Shemeji yako Abdul ni mzima. Mimi, ah, hali yangu unaijua.

Barua yako nimeipata. Umenikaripia kurasa nzima, Kaka! Eti nikikubali kilango cha nguruwe kwenye moyo wangu, nisikanyage kwako. Haya, nisikilize na mimi.

Kilango nilichozaliwa nacho kimekakamaa, damu haipiti sawasawa. Juzi nilianguka kwenye shamba la ujamaa, wenzangu wakadhani nimekufa. Daktari wa Dar es Salaam kasema bila kupasuliwa sina maisha marefu. Serikali inanipeleka Ulaya nikabadilishiwe, na huko kuna vilango vya aina mbili.

Cha chuma kinadumu. Lakini ukiwekewa, unameza dawa ya kulainisha damu maisha yako yote, na damu ipimwe kila mara. Ipimwe wapi, Kaka? Tukuyu hii? Tena dawa yenyewe inamdhuru mtoto tumboni. Nimekaa kwenye ndoa mwaka wa tano bila mtoto kwa sababu ya moyo huu, halafu unaniambia nichague chuma!

Cha nguruwe hakidai dawa hiyo. Baada ya miaka kumi hivi kitachoka, nipasuliwe tena. Najua. Na nipasuliwe!

Sheikh wetu nimemuuliza, akasema dharura ina hukumu yake. Au wewe umesoma kumshinda? Nguruwe sitamla, nitashonewa. Jirani yangu Atuganile, Mkristo, aliposikia alishika mbavu: "Kumbe ni ingulube tu? Wazungu wanahangaika nini, si uchukue wa bandani kwangu!" Tulicheka, kisha tukalia sote wawili.

Naogopa, Kaka. Naogopa kisu, naogopa kufia ugenini. Lakini wewe sikuogopi.

Nisalimie wifi Mwanabibi, Bibi Sophia na mdogo wetu Zuber. Mungu awalinde nyote, na mimi anirudishe salama.

Usidhani naomba ruhusa. Naaga. Ukisoma haya nitakuwa nimekwishapanda ndege. Nikijaliwa mtoto nitamleta Tanga. Ukitaka, funga mlango. Tutapiga hodi mpaka ufungue.

Mdogo wako akupendaye, upende usipende,
Asia