Jibu nililompa ustadhi

Mwanangu Zuhura,

Marahaba kwa shikamoo yako. Huku Bagamoyo hatujambo. Bibi yako bado anagombana na goti lake, na mimi bado nafundisha Kerege.

Umeniuliza kama ni kweli mama yako aliwahi kuosha sahani stendi, maana wenzako hapo shuleni Lugoba wanakucheka. Ni kweli. Alikosana na wakubwa akaondoka nyumbani, nasi wadogo zake tukakatazwa hata kumsalimia.

Alasiri moja palikuwa na maulidi kwenye chuo chetu cha Kurani, jirani na stendi. Msichana aliyeongoza kasida akasahau ubeti, madufu yakanyamaza. Mara sauti ikaidaka kasida kutoka nje ya uzio, kwa kasi, kama haihitaji pumzi. Alikuwa mama yako, mikono imejaa povu la sabuni.

"Mtoto wa nani huyo?" ustadhi akauliza.

Shangazi akanifinya paja ninyamaze. Nilikuwa na miaka tisa. Nikasema, "Dada yangu."

"Basi mwambie aingie. Mbona anatuimbia kama mwizi?"

Watu wakacheka. Akaingia, akamaliza beti zote.

Leo ni rapa anayejulikana nchi nzima. Jumamosi alichana mistari hapa uwanjani, na mshereheshaji akauliza, "Huyu wa nani?" Uwanja mzima ukaitika, "Wetu!" Mimi nilipaza sauti kuliko wote, ila jibu langu lilikuwa lile lile la siku ile.

Wakikucheka tena, na wewe unalo jibu lako.

Mama yako mdogo,
Mwanaidi